Kusoma na Kushika Shina la Habari

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunapata habari ya mtu wa Etiopia, mwangalizi wa hazina ya malkia wake, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Ameketi katika gari lake, anasoma maandiko ya nabii Isaya. Filipo anakimbia mpaka karibu na gari na kumsikia, kwa sababu watu wa zamani zile walizoea kusoma kwa sauti hata wakiwa peke yao. Basi, Filipo hakumwuliza kama anazijua herufi. Alimwuliza kama anafahamu. Naye mkubwa yule hakuona haya kukiri kwamba asipopata mtu wa kumwongoza hawezi. Kisha akatoa swali lake mwenyewe, nalo lilikuwa swali la mtu mwenye akili: nabii anamsema nani hapa, ni yeye mwenyewe au mtu mwingine?

Wapenzi wasomaji, tukiingia katika darasa la tatu au la nne tutakuta watoto wengi wenye kusoma vizuri. Mtoto anasimama, anashika kitabu kwa mikono miwili, anakwenda mbio bila kukwama, na wazazi wake wakimsikia wanafurahi kwamba pesa za masomo hazikupotea bure. Mwulizeni sasa: "Habari hii yasema nini?" Atatazama chini, au atawasomea tena mstari wa kwanza, au atataja jina moja lililomvutia. Mtoto huyu si mjinga. Alifundishwa herufi, hakufundishwa kutafuta shina la habari. Watu wengi hudhani kwamba mtoto akiisha kujua herufi, maana itakuja yenyewe, kama majani yanavyoota mvua ikinyesha. Historia haisemi hivyo. Kulitafuta wazo kuu la somo ni kazi yenye kufundishwa. Walimu wa Kanisa waliifundisha tangu zamani sana, lakini mara kwa mara shule iliisahau, na watoto wakapata hasara.

Tuanze na Mwafrika. Mt. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ambao leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Aljeria. Karibu na mwaka 400, alipokuwa askofu wa Hippo, alipata malalamiko ya shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias. Kazi ya shemasi huyu ilikuwa kuwafundisha watu waliokuja mara ya kwanza kutaka dini. Alisema kwamba mafundisho yake huwa marefu tena ya uvuguvugu, hata yeye mwenyewe anachoka nayo. Makatekista wetu watamhurumia! Augustino alimjibu kwa kitabu kidogo kizima, juu ya namna ya kuwafundisha wasiojua.

Shauri lake ni hili. Simulia tangu Mungu alipoumba mbingu na nchi mpaka nyakati hizi za Kanisa. Lakini usidhani kwamba imekupasa kutaja kila kitu, hata kama umeviweka moyoni vitabu vyote vitano vya Musa, na Waamuzi, na Wafalme. Muda hautoshi, wala haja haipo. Yashike mambo yote kwa ujumla, kisha chagua machache yaliyo ya ajabu zaidi, yale ambayo katika historia ni kama vifundo katika mwanzi. Juu ya hayo kaa. Usifanye kama mtu anayefunua kitambaa na kukikunja papo hapo. Yatandaze, watu wayatazame na kuyastaajabia. Mengine yapitie upesi. Na yote yaelekee mwisho mmoja, ndio upendo. Ile sababu inayoyaunganisha iwe kama dhahabu inayoshika vito katika mkufu: inavishikanisha, haivifuniki.

Mwishoni mwa kitabu Augustino aliweka mifano miwili ya mafundisho, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na habari ni ile ile. Sisi twaona jambo hilo kuwa la maana sana. Mtu anayeweza kuisema habari moja kwa urefu, akaisema tena kwa ufupi bila kuiharibu, huyo ameifahamu. Asiyeweza kuifupisha bado anaishika kwa nje tu. (Alisema pia kwamba msikilizaji akichoka apewe mahali pa kukaa, kama walivyofanya katika makanisa mengine ng'ambo ya bahari. Shauri hilo nalo si dogo.)

Lakini Augustino alikuwa akimfundisha mwalimu. Aliyemfundisha mwanafunzi mwenyewe namna ya kushika shina la somo alikuja miaka mia saba baadaye, nje ya kuta za mji wa Paris.

Pale palikuwa na monasteri ya Saint-Victor. Ilianza mwaka 1108, wakati mwalimu mmoja mashuhuri wa Paris, Guillaume de Champeaux, alipoacha kiti chake cha ualimu na kwenda kukaa mahali pa upweke pamoja na wanafunzi wachache. Baadaye akaingia mtawa aliyeitwa Hugo, ambaye wengi husema alitoka Saxony katika Ujerumani. Alifundisha huko mpaka alipokufa mwaka 1141. Monasteri ile haipo tena. Iliharibiwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, na leo sehemu ya mahali pale ina majengo ya chuo kikuu. Kitabu cha Hugo kimebaki. Jina lake ni Didascalicon, nacho alikiandika katika miaka ya 1120. Kinaeleza mtu asome nini, kwa utaratibu gani, na kwa namna gani.

Hugo anazungumza kama mtu aliyesumbuka na wanafunzi kweli kweli. Anawaona wengine wanaosoma vitabu vingi na kutoka mikono mitupu, kwa sababu kila kitu kwao ni sawa na kila kitu. Kumbukumbu ya mtu, anasema, ni nzito, nayo hupenda maneno mafupi; ukiigawanya juu ya vitu vingi, kila kitu kitapata kidogo tu. Kwa hiyo anawapa kazi aliyoiita kwa Kilatini colligere, maana yake kukusanya au kuokota. Kukusanya kwake ni hivi: jambo lililoandikwa au kujadiliwa kwa maneno mengi ulilete katika jumla fupi. Kila habari, asema, ina kitu kimoja cha mwanzo ambacho kweli yote ya habari ile inakitegemea, na mengine yote yanarudi hapo. Kukitafuta kitu hicho ndiyo kukusanya. Kisha anatoa mfano: chemchemi ni moja, vijito ni vingi. Kwa nini kufuata kila mzunguko wa kijito? Shika chemchemi, umeshika yote.

Mfano huo watu wa Kongo wataufahamu mara moja, na watajua tena kwamba chemchemi haionekani kwa urahisi. Livingstone alipoufikia mto Lualaba kule Nyangwe mwaka 1871, alidhani ameupata mto Nile. Ikabidi Stanley aufuate mpaka baharini, akafika mwaka 1877, ndipo ikajulikana wazi kwamba ni Kongo. Na msomaji vivyo hivyo: pengine lazima afike mwisho wa somo ili ajue maji yale yalikuwa ya mto gani.

Yaliyokusanywa, Hugo anaendelea, yawekwe katika sanduku dogo la kumbukumbu, ili siku ya haja mengine yatolewe humo. Tena yasiachwe yakaoza. Yarudishwe kutoka tumboni mpaka kinywani, kama ng'ombe anavyocheua. Wafugaji hawahitaji maelezo juu ya neno hilo.

Katika kitabu hicho hicho Hugo anasimulia habari za utoto wake. Alikuwa mtoto mwenye udadisi mwingi. Alitaka kujua jina la kila kitu alichokiona. Alipanga vijiwe kwa ajili ya hesabu, akachora kwa makaa juu ya sakafu ili ajifunze maumbo ya kupima nchi, akakesha usiku wa baridi kuangalia nyota. Na juu ya masomo alikuwa na desturi hii: kila jambo alilofundishwa aliliandikia alama katika ukurasa kwa neno moja au maneno mawili tu, halafu kila siku alijidai mwenyewe kama mtu anayedai deni, ayatoe yote kwa kutazama maneno yale machache. Maneno mawili kwa jambo zima! Mwalimu anayetaka zoezi la kuwapa watoto wake asitafute mbali.

Jambo jingine la Hugo limetuvutia. Alifundisha kwamba maneno yaliyoandikwa yana hatua tatu. Ya kwanza ni herufi, yaani mpango wa maneno wenyewe. Ya pili ni maana iliyo wazi, ile inayoonekana mara moja. Ya tatu ni fikira ya ndani, ambayo haipatikani bila kuichimba na kuifasiri. Mtoto wetu yule aliyesoma mbio alifika hatua ya kwanza, pengine ya pili. Kosa la shule nyingi ni kumpa alama nzuri hapo na kumwambia akae.

Na kwa watoto wadogo Hugo alitunga maandiko mengine juu ya kujifunza historia. Humo aliwaonyesha mfuko wa mbadili fedha. Ndani umegawanyika vyumba vingi, na kila aina ya fedha ina chumba chake. Ukimwomba fedha ya namna fulani, mkono wake unakwenda penyewe bila kukosea. Basi mtoto agawanye habari vivyo hivyo: watu waliotenda, mahali walipotenda, na wakati. Aliwashauri hata wasome daima katika nakala ile ile ya kitabu, kwa kuwa mahali pa maneno juu ya ukurasa na rangi ya herufi humsaidia mtu kukumbuka. Walimu wa siku hizi wanaowabadilishia watoto kitabu kila mwaka hawatapendezwa na neno hilo.

Baada ya Hugo vitabu vyenyewe vilianza kubadilika. Katika karne ya 13 Biblia iligawanywa kwa sura karibu kama tunavyozijua leo, na Wadominiko wa Paris walitengeneza orodha kubwa ya maneno ya Biblia ili mhubiri apate upesi mahali anapopataka. Vitabu vikapata vichwa vya habari, mafungu, na faharasa. Ni faida kubwa, hatukatai. Lakini tangu hapo kitabu chenyewe kikaanza kumfanyia msomaji kazi ya kukusanya, na msomaji mvivu akajifunza kusoma kichwa cha habari na kuacha habari.

Mwaka 1599 Wayezuiti walitoa utaratibu wa shule zao, Ratio Studiorum. Mwalimu aliagizwa asome fungu lote kwanza, halafu aseme kwa maneno machache jambo lake ni nini, kisha ndipo aingie katika kueleza sentensi moja moja. Utaratibu mzuri, ila anayelisema jambo ni mwalimu. Katekisimu nazo zina tabia hiyo. Mt. Petro Kanisio aliitoa katekisimu yake kubwa mwaka 1555, akaiita Summa, yaani jumla, na mwaka uliofuata akatoa ndogo kabisa kwa ajili ya watoto. Katekisimu ni mawazo makuu yaliyokwisha kukusanywa na watu wenye elimu. Mtoto anapewa maji ya chemchemi katika kikombe, wala hakuipanda njia ya kwenda huko. Hatusemi akinyimwe kikombe! Twasema tu kwamba mtoto aliyezoea kupokea majibu tayari, ukimpa siku moja ukurasa usio na swali wala jibu, atakaa akingoja.

Mt. Yohane Mbatizaji de La Salle, aliyekufa mwaka 1719, alifanya jambo moja ambalo ni lazima tulitaje. Shule nyingi za Ufaransa wakati ule zilianza kumfundisha mtoto kusoma Kilatini. Yeye katika shule za maskini alianza na Kifaransa. Aliona kwamba watoto wale huondoka shuleni mapema kwenda kufanya kazi, na aliyejifunza kusoma Kilatini tu angetoka hajui kukisoma Kilatini kwa maana, wala Kifaransa. Hakuandika maneno mengi juu ya wazo kuu, lakini aliweka msingi wake: hakuna mtoto atakayepata shina la habari katika lugha ambayo kwake ni mlio tu. Tutarudi hapo.

Sasa tuingie Marekani, mwaka 1917. Edward Thorndike, mwalimu katika chuo cha ualimu cha Columbia huko New York, alitaka kujua watoto wanakosea wapi wanaposoma fungu fupi la maneno. Akawapa watoto wa darasa la sita na wengine habari moja kama sheria ya mji. Ilieleza kwamba katika mji uitwao Franklin kila mtoto wa miaka saba mpaka kumi na minne sharti ahudhurie shule siku zote za masomo, isipokuwa akiwa mgonjwa sana, au nyumbani mwake kukiwa na mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, au njia zikiwa hazipitiki. Basi. Hakuna neno gumu sana humo. Maswali yakafuata, na watoto waliruhusiwa kutazama maandiko tena kadiri walivyotaka. Swali moja liliuliza: jambo lenyewe linalozungumzwa katika fungu hili ni nini?

Majibu yalikuwa ya ajabu. Wengine waliandika "Franklin" tu, kana kwamba ni habari ya mtu. Wengine wakajibu kwamba ni herufi kubwa. Wengine wakaandika nusu inchi, na mwingine inchi moja na nusu! Msomaji atauliza inchi zimetoka wapi. Zimetoka kwa mwalimu wao. Katika swali kulikuwa na neno "fungu", na watoto wale kila walipolisikia darasani waliambiwa: fungu huanza kwa herufi kubwa, na mwanzo wake huachiwa nafasi ya nusu inchi. Neno likawaamsha, wakajibu walichofundishwa. Hawakuwa wavivu, walikuwa watiifu mno.

Thorndike alieleza jambo hilo vizuri. Kosa la msomaji, alisema, mara nyingi si kwamba hajui neno, bali neno moja limepata nguvu kupita kiasi akilini mwake na mengine yamekosa nguvu. Kusoma fungu ni kama kufanya hesabu ya maneno: lazima uchague vitu vinavyohusika, uviunganishe kwa namna inayofaa, kila kimoja ukipe uzito wake, na hayo yote uyafanye huku ukishika nia moja, yaani swali unalolitafutia jibu. Msomaji anayepita juu ya maneno bila swali hapimi kitu. Kwa sababu hiyo alishauri shule zipunguze kusoma kwa sauti, na watoto wasome kimya kimya ili wajibu maswali au watoe habari kwa ufupi. Yeye hakuwa mtawa wala hakuandika juu ya dini, lakini tukiyaweka maneno yake kando ya yale ya Hugo, twaona kama watu wawili waliochimba kisima kimoja kutoka pande mbili.

Baada yake shule nyingi zilitafuta njia ya mkato. Mwaka 1866 Alexander Bain, mwalimu wa Aberdeen katika Scotland, alikuwa ameandika kanuni kwa waandishi kwamba sentensi ya kwanza ya fungu inapaswa kuonyesha jambo lake. Ilikuwa kanuni ya kuandika. Walimu wakaigeuza kuwa kanuni ya kusoma: mtoto, ukitaka wazo kuu, tazama sentensi ya kwanza. Ni rahisi kufundisha, ni rahisi kusahihisha, nayo ni uongo mara nyingi. Mwaka 1974 Mmarekani Richard Braddock alichunguza makala za waandishi hodari katika magazeti ya kwao. Mafungu yaliyoanza kwa sentensi yenye kubeba wazo la fungu hayakufika hata moja kati ya saba. Lakini vitabu vingi vya mazoezi viliendelea kama kwamba hakuna aliyehesabu.

Mwaka 1983 wanawake wawili wataalamu, Ann Brown na Jeanne Day, walionyesha hatua ambazo mtu hupita anapofupisha habari, nazo ni za kutumika kesho asubuhi. Kwanza aondoe yasiyo na maana. Aondoe yanayorudiwa. Kisha vitu vingi vya jamii moja avipe jina moja: mahali palipoandikwa mihogo, mahindi, maharagwe na ndizi, aseme vyakula. Halafu atafute kama mwandishi mwenyewe amelisema wazo kuu mahali fulani, alichukue. Na kama hakulisema, alitunge mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Watoto wa darasa la tano walijua kufuta; wengi walinakili mistari na kuruka mistari, basi. Kulitunga wazo ambalo halikuandikwa popote, hilo liliwashinda hata wanafunzi wakubwa mara nyingi.

Tutoe mfano kutoka Injili ya Luka, mfano wa Msamaria mwema, ambao watoto wote wa parokia wanaujua. Sentensi ya kwanza ya hadithi inasema juu ya mtu anayeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Mtoto aliyefundishwa njia ya mkato atajibu kwamba wazo kuu ni safari ya Yeriko. Mwingine atasema wanyang'anyi, kwa sababu neno hilo linatisha, nalo limepata nguvu kupita kiasi. Wa tatu atataja zile dinari mbili.

Mwalimu asiwakemee. Afanye jaribio nao. Tuiondoe nyumba ya wageni, Msamaria amlaze mgonjwa kwake: je, hadithi imeanguka? Haijaanguka. Tuziondoe dinari, tuondoe mafuta na divai, tuseme tu alimtunza: bado inasimama. Sasa tumwondoe Msamaria, mahali pake tuweke ndugu wa yule aliyepigwa. Hapo watoto watanyamaza kidogo, kisha mmoja atasema: "Mwalimu, ndugu ni lazima asaidie!" Imeanguka. Basi shina liko hapo, katika ugeni na uadui wa watu wale wawili. Ndipo warudi nyuma kidogo katika kitabu, wakasome swali la mwanasheria lililoanzisha mambo yote, jirani yake ni nani, na mbele kidogo, waone jinsi Bwana Yezu alivyoligeuza swali lile: si nani aliye jirani yangu, ila nani aliyejifanya jirani. Wazo kuu la hadithi halimo katika mstari wowote wa hadithi. Limo katikati ya swali na hadithi, na mtoto ndiye anayelitunga kwa maneno yake.

Kwa maneno yake, twasema, na hapo turudi kwa de La Salle. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Kongo, nacho ndicho watoto wengi wa mashariki na wa Katanga wanachotumia nyumbani au sokoni, hata kama mama zao wana lugha nyingine ya kabila. Kisha shuleni Kifaransa kinawangoja. Mwalimu akitoa somo la Kifaransa na kudai wazo kuu kwa Kifaransa, anauliza maswali mawili kwa mara moja: umefahamu, na unajua kusema? Mtoto atashika njia isiyo na hatari, atanakili mstari. Apewe ruhusa aseme kwanza kwa Kiswahili. Ikionekana amelishika shina, Kifaransa kitafuata, kwa kuwa sasa ana kitu cha kusema.

Mwaka 1984 Ann Brown huyo huyo pamoja na Annemarie Palincsar walieleza namna waliyoijaribu na wanafunzi waliojua kusoma herufi lakini hawakushika maana. Watoto wachache wanakaa pamoja na mwalimu, wanasoma fungu moja kimya. Halafu mmoja wao anashika nafasi ya mwalimu. Anawauliza wenzake swali juu ya waliyosoma, anaeleza kwa ufupi habari ilikuwa nini, wanaweka wazi palipokuwa na giza, na wanabashiri mwandishi ataendelea na nini. Kisha zamu inakwenda kwa mwingine. Mwanzoni mwalimu husaidia sana, baadaye kidogo, baadaye hunyamaza. Wanafunzi waliofanya hivyo siku kwa siku, kwa majuma kadhaa, walipanda sana katika mitihani ya kufahamu.

Kazi hiyo haitaki mashine wala vitabu vya gharama. Hata mzazi asiyejua kusoma anaiweza. Dominika, watu wakitoka kanisani, mama anaweza kumwuliza mwanawe: "Injili ya leo imesema nini? Niambie kwa neno moja tu, ninapika." Mtoto akijibu "Yeriko," mama aendelee kupepeta mchele wake na kumwuliza tena: "Na kama ingekuwa mji mwingine?"